Asubuhi Mama Alipotaka Kung'olewa Jino

Mama alikuwa amewekewa vali mpya, yaani mlango wa damu moyoni, yapata mwaka mmoja kabla ya asubuhi hiyo. Ile yake ya kuzaliwa ilikuwa imekakamaa kwa uzee, damu ikawa inapita kwa taabu, na yeye hawezi kutoka jikoni hadi bombani bila kushika ukuta. Walimfungua kifua kule Eldoret wakamwekea nyingine, iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe.

Mama ni mzaliwa wa Bukhayo, akaolewa huku Malaba kwa Wateso, watu wanaopenda mifugo. Siku aliyorudi kutoka hospitali, baba mdogo alikuja kumjulia hali, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "kumbe ng'ombe mmoja wa mahari amerudi nyumbani!"

Mama alicheka huku ameshikilia kidonda. Baada ya miezi michache alikuwa amerudi sokoni kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, anapanda kilima cha kanisani bila kutweta, na sisi sote tukaamini kwamba habari ya moyo imekwisha. Mtu aliyetengenezewa moyo ataumwa nini tena?

Asubuhi hiyo nilimkuta amefagia uwanja, na bado anafagia palepale palipokwisha kufagiwa. Akaweka ufagio chini, akaketi kwenye kigoda, akainuka, akaingia ndani, akatoka.

"Mama, tulia basi."

"Nikikaa nasikia vibaya. Nikisimama pia nasikia vibaya."

"Wapi?"

Akashika taya la kushoto. "Hii jino. Wewe nenda kazini, mimi nitaenda ing'olewe."

Nikaenda. Mimi ni wakala wa kupitisha mizigo mpakani, kazi ya makaratasi na kelele za madereva, na kwa kawaida kelele hizo hazinigusi. Siku hiyo kila honi ilinishtua. Dereva mmoja wa Uganda ninayemfahamu alinirudishia karatasi mara mbili.

"Nyabo," akaniita, kama wanavyowaita akina mama kwao, "leo una nini? Hii ni ya mwenzangu."

Mawazoni nilimwona tu mama akifagia mahali safi. Nikamwachia mwenzangu kazi, nikatembea haraka hadi kwa daktari wa meno, nyuma ya soko.

Nilimkuta mama anazungukazunguka nje, amekataa benchi. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri na kulikuwa na baridi, lakini leso yake ilikuwa imelowa jasho hadi mgongoni. Tulipoitwa, daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimulika kinywa cha mama kwa muda mrefu.

"Mama, meno yako ni mazima kuliko yangu." Kisha macho yake yakashuka hadi penye kovu, juu ya shingo ya gauni. "Hapa ulifanywa nini?"

"Nilibadilishiwa mlango wa moyo," mama akasema kwa fahari.

Daktari akaweka vyombo chini. "Na mkono wa kushoto unausikiaje?"

"Mzito kidogo. Jana nilibeba gunia."

"Tumbo?"

"Imejaa gesi tu, daktari. Wewe ng'oa jino niende, nimeacha omena kwa jua."

Jua lenyewe halikuwepo. Daktari alimpa tembe ya aspirini aitafune, kisha akanigeukia. "Sing'oi kitu. Mpeleke hospitali Busia sasa hivi. Asitembee. Gari lije mpaka hapa mlangoni."

"Lakini moyo ilishatengenezwa!" mama akateta. "Mimi nimekuja na jino!"

Nilikodi teksi nzima ya Probox. Hatukufika mbali. Malori yalikuwa yamejipanga safu mbili kungoja kuvuka mpaka, na katikati hapakuwa na nafasi hata ya baiskeli. Nikashuka, nikakimbia mbele nikigonga milango ya malori. Sijui nilipiga kelele gani. Wengine wananijua, wengine hawanijui, lakini injini zilianza kuwaka moja baada ya nyingine. Yule dereva wa karatasi alilielekeza lori lake hadi ukingoni mwa mtaro, gurudumu likaning'inia, akatoa mkono dirishani: "Pita, nyabo! Pita na mgonjwa!"

Tukapita. Njia yote ya Busia mama hakutulia. Anafungua kioo, anafunga. Anavua kitambaa cha kichwa, anafunga tena. Karibu na Alupe alimwambia dereva asimame ashuke anyooshe miguu, nami nikamshika kiuno kama mtoto anayetaka kuruka. Alinitazama kwa hasira ambayo sijaisahau. Baadaye niliambiwa kwamba mahangaiko yale nayo ni sehemu ya ugonjwa.

Busia walimbandika nyaya kifuani, wakatoa damu. Daktari kijana alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, umepata mshtuko wa moyo."

"Vali imeharibika?"

"Hapana. Mlango ni mzuri kabisa. Lakini ukuta wa moyo nao unalishwa na mishipa yake, na mmoja umeziba. Ile operesheni ilitengeneza mlango. Uzee haukusimama hapo."

"Mbona kifua hakikuniuma?"

"Kwa wazee mara nyingi hakiumi. Mshtuko unaweza kuja kama jino, kama gesi, kama uchovu."

Ambulensi ilimpeleka Eldoret, wakazibua mshipa na kuweka kimrija cha waya cha kuushikilia wazi. Tulikuwa tumechelewa kiasi. Sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imekufa. Alirudi nyumbani hai, mwembamba, mwenye hatua fupi.

Mahangaiko yake yakahamia kwangu. Nilimpigia simu kila nilipopata nafasi. Akisinzia mchana nilisogeza kiganja puani mwake. Akijikuna shingo, ninauliza. Jumapili moja baada ya ibada akatuita mimi na baba mdogo.

"Nimechoka kuangaliwa kama maziwa jikoni," akasema. "Tupatane. Chochote kikiniuma, kuanzia kitovu mpaka meno, nitasema, hata kama ni upuuzi. Na wewe uache kunipima pumzi. Nikilala, nimelala."

Baba mdogo akasema hayo ni maneno ya haki. Nikakubali. Mama ameshika ahadi yake. Ameshaniita mara kadhaa kwa gesi iliyokuwa gesi kweli. Sasa sokoni anakaa tu kibandani, wengine wanabeba magunia.

Mimi bado najifunza. Juzi simu yake ililia nikiwa kazini, na kabla sijaipokea nilikuwa tayari nje, nakimbia kati ya malori na kalamu mkononi.

"Mama! Ni nini?"

"Wewe mbona unahema hivyo? Nataka uniletee ndizi kutoka ng'ambo, Uganda."

Nikaegemea gurudumu la lori, nikamuuliza kama anataka za kupika au mbivu.