Kopo la Gavrila

Gavrila, rubani wetu wa ndege huku Mto Kuskokwim, nchi ya barafu, hakumwamini hata mkewe kwa kikombe cha chai. Aliwahi kuibiwa petroli, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baridi ikizidi, marubani wa huku huitoa oili ya injini jioni, kuitia kwenye kopo na kulala nayo ndani, karibu na jiko, isigande. Wenzake huliacha kopo popote. Yeye, jioni aliyolala kwetu, alilificha nyuma ya makopo yetu ya mafuta ya kula ya sili, mnyama wa baharini, akatukazia macho.

"Atakayeligusa nitamjua."

"Kunywa chai, mzee," nikamwambia. "Nani anakula oili?"

Alikuwa amekuja kumchukua wifi yangu Paraskovia, mke wa kaka yangu, aliyekuwa amelala hapo karibu na jiko, mjamzito, akitokwa damu. Kama asingefika hospitali mjini Bethel tungemzika yeye na mwanawe. Alfajiri, giza bado, Gavrila alibeba kopo, akaijaza injini, tukaruka watatu.

Hatukufika mbali. Harufu ya samaki wa kukaanga ilijaa ndani ya ndege. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazimika.

"Mmenitilia nini humo?" Gavrila alifoka. "Kaka yako ndiye aliyekutuma, eh?"

"Tushushe kwanza, mwanaharamu wee!"

Namshukuru Mungu, mikono yake haikuwa na wasiwasi kama moyo wake. Aliiteremsha ndege juu ya barafu ya mto, ikaserereka, ikasimama nzima. Kwa redio aliita kijiji cha jirani, wakajibu wanakuja na sleji za kuteleza juu ya theluji. Ndipo akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa, akaonja. Mafuta ya sili.

"Nani alibadilisha makopo?" Alikuwa akinitazama mimi.

Paraskovia alifumbua macho. "Hakuna. Nilikuona ukibeba kopo letu."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani unawapelekea wanao. Mgeni akichukua chakula kwetu, haulizwi."

Nilikuwa na matusi yangu tayari, nikayaacha. Gavrila alivua koti lake la manyoya, akamfunika wifi, akaketi kwenye barafu, amebaki na shati tu.

Sleji zilipofika, Gavrila hakumjua hata mmoja wa waliokuja. Alimbeba Paraskovia mwenyewe, akawakabidhi.

"Mwahisheni," alisema, na sauti ikamkatika. "Nawaombeni, jamani."

Walimwahisha hospitali.