Fungu la Mwenzetu

Safari ya kumfuata sato mmoja ilinigharimu sato watano, ndala ya mguu wa kulia na siku nzima ya jua. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, inakuja ileile. Aliyefaidika ana masharubu, na hakusema hata asante.

Niliondoka kwa sababu ya sahani. Mama mkwe wangu, tuliyemchukua kutoka kwao ufukweni, upande wa Magu, alikuwa amelala chumba cha nyuma kwetu Nyakato. Hospitali walisema ugonjwa umekwisha, imebaki kula. Kula kwenyewe ndiko kulikogoma. Uji, ndizi, mchuzi wa kuku, kila sahani ilitoka chumbani kama ilivyoingia. Mke wangu, Kabula, alikuwa ameanza kulia jikoni akidhani simwoni. Mwishowe mama akasema atakula sato wa kwao, wa ndoano.

"Sokoni hapa wamejaa," nikamwambia Kabula.

"Atajua. Wa ndoano ana mdomo uliochanika. Nenda kwa Masanja."

Masanja ni kaka yake, anavua hukohuko kwao.

Asubuhi, Magu. Nilishuka kwenye basi mgongo ukinidai. Kijana wa bodaboda akataja bei ya kunifikisha ziwani. Nikamshusha, nikamshusha tena, akakubali upesi kuliko nilivyopenda. Katikati ya mashamba ya mpunga akazima pikipiki.

"Bei yako inaishia hapa, mzee."

Nilimshusha, naye akanishusha. Iliyobaki nilitembea.

Mchana, ziwani. Kuna gati dogo la mbao panapofungwa maboti, na wavuvi wa ndoano hukaa ukingoni wakining'iniza miguu, kila mmoja na mshipi wake. Masanja alinisogezea nafasi. Siku hiyo sato walikuwa na njaa kuliko mama mkwe. Haikuchukua muda tukawa na sita ndani ya tenga lililofungwa kamba na kuzamishwa majini. Niliwahesabu, nikarudia. Sita.

"Shemeji," Masanja akasema, "toa mmoja mkubwa, weka pale kwenye jiwe. Fungu la mwenzetu."

"Mwenzetu nani?"

"Mwenzetu. Wa hapahapa."

Watu wa namna hiyo nawajua. Kila stendi wapo: hawabebi mzigo, lakini fungu wanalo.

"Yeye leo hajavua?"

"Anavua kutuzidi sisi wote."

"Basi ana wake. Akitaka wangu, aje tuongee. Nitampa yule mdogo, tena kichwa kinabaki kwangu."

Gati zima likaangua kicheko. Jamaa mmoja mwenye kofia ya pamba akajifuta machozi. "Huyu anapunguza bei na mwenzetu!"

"Mwache," akajibu mwingine. "Wataelewana wenyewe."

Sikuweka kitu. Tukakaa kula ugali, migongo tumeyapa maji. Ghafla nikasikia kitu kinatafunwa, na si sisi. Nikageuka. Juu ya lile jiwe alikuwa ameketi mnyama wa rangi ya kahawia, mrefu, anang'aa kwa maji, masharubu yamesimama. Ameshika sato kwa mikono miwili kama mtu anayekula hindi, ameanzia kichwani, na ananitazama usoni bila haraka yoyote. Tenga lilikuwa limechanwa ubavuni. Ndani hamkuwa na kitu: wengine kala, wengine wamepata njia.

Nilimrushia ndala. Ilipita mbali naye, ikaondoka na mawimbi. Yeye akajitumbukiza taratibu, akaacha jiweni sato asiye na kichwa.

"Ndiye huyo?" nikauliza.

"Ndiye huyo."

"Si mngesema tu ni fisi—"

Masanja akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya minyoo. Ndipo nilipoelezwa kwamba pale gatini fisi maji hatajwi kwa jina. Ukimtaja umemwita. Wote wanamwita mwenzetu, na mimi peke yangu ndiye niliyedhani ni binadamu.

"Tutupe ndoano tena," nikasema.

"Umemnyima, shemeji. Sasa atakaa hapa mpaka jioni. Akiwepo, sato hawasogei."

Tulijaribu. Chambo kilirudi salama.

Jioni, Kisesa. Nilishuka kwenye basi la kurudi, nikanunua barabarani sato mzima, mwenye kichwa, nikamchana mdomo kwa ndoano ya Masanja. Sikubishana bei, mjue nilivyokuwa nimechoka. Yule asiye na kichwa, niliyemwokota jiweni, nilimwacha ndani ya mfuko, awe wa paka.

Nyumbani, Nyakato. Mama alitaka kumwona samaki kabla hajapikwa. Nilisimama nje ya mlango, maana mkwe haingiiingii. Kabula akampelekea kwenye sinia, mfuko bado uko mkononi. Kisha ikaja sauti ya mama, nyembamba:

"Mwambie mumeo huyu kachanwa akiwa maiti. Hata damu mdomoni hana. Na huo mfuko unaodondosha maji una nini?"

Kabula akamtoa yule mwingine. Halafu nikasikia kama kikohozi, nikachungulia bila adabu. Mama alikuwa anapapasa alama za meno shingoni mwa sato, na anacheka.

"Kamnyima! Kabula, mumeo kamnyima mwenzetu!"

Alipopikiwa huyo asiye na kichwa, alimmaliza. Alinyonya mpaka miiba, akalala.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana sahani ya wali ilirudi jikoni imejaa. Mama anataka mwingine wa kwao, na kesho naondoka tena na ndala mpya. Masanja kanipigia simu: mwenzetu hatoki pale jiweni, wenyeji wanasema anamsubiri mgeni. Nilichojifunza ni kuuliza jina la mtu kabla ya kushindana naye bei. Kilichobaki naomba ushauri, kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye magati haya: ukimnyima mtu sato mmoja, naye akakuondolea watano, mmelipana, au bado anakudai?