Salamu Yangu kwa Mzee wa Makumbusho

Mji wa Bukoba niliujua kwanza kwa pua. Basi letu kutoka Nshamba lilipokaribia mjini, harufu ya kahawa iliyokuwa ikikobolewa kiwandani iliingia madirishani, kavu na yenye vumbi, na nyuma yake ikaja harufu ya ziwa na dagaa walioanikwa. Abiria wakaanza kunyoosha vidole: ziwa lile, kanisa kuu lile, meli ile! Nami nikanyoosha changu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimeshajifunza kwamba watu wakisema wanaona kitu, usalama ni kukubali.

Sikuwa nimekuja kutembea. Nilikuwa nimeletwa kufundishwa adabu. Kwetu Uhayani salamu ni kazi ya mtoto kabla ya kazi nyingine zote. Mtoto wa kike akikutana na mkubwa njiani hupiga magoti, na humwamkia kwa neno linalomstahili mtu yule: baba mkubwa ana lake, mke wa mjomba ana lake. Mimi nilikuwa nawapita wakubwa kwenye njia za migombani kimya, macho mbele. Nikichapwa nalia kwamba sikuwaona, na hilo likawa kosa la pili, la uongo, maana walikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Siku moja nilimpita baba mkubwa akiwa na wageni wake. Alimwambia baba mbele yangu kwamba hatakanyaga tena nyumbani kwetu mpaka binti huyu ajue kuheshimu watu. Baba alimpenda sana kaka yake. Jioni ile hakugusa chakula, nami nilijua ni kwa sababu yangu. Likizo ya Desemba ilipofika nikapelekwa kwa dada yao, Shangazi Yustina, fundi cherehani wa mjini aliyesifika kwa ukali.

Ukali wenyewe niliukuta mdomoni tu. Jumamosi ya kwanza alifunika cherehani mapema, akasema mtoto hawezi kufika Bukoba akarudi nyumbani na habari za uzi na vifungo. Jua lilikuwa kali, upepo wa ziwa ukitupunguzia makali yake. Tulianzia ufukweni, mchanga ukiniunguza nyayo, naye akanionyesha Kisiwa cha Musira. "Unakiona kile chenye mawe?" Nikajibu, "Nakiona, Shangazi." Mbele yangu kulikuwa na weupe mmoja tu, maji na mbingu vimeshikana. Tukaingia kanisa kuu, tukasali katika ubaridi wake mzuri, kisha tukaenda makumbusho. Njia nzima nilimwamkia kila aliyepita, muuza ndizi, mwendesha baiskeli, hata vijana walionizidi miaka mitatu. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba baba hatanyimwa kaka yake tena kwa ajili yangu.

Uani mwa makumbusho kulikuwa na mushonge, ile nyumba yetu ya zamani ya msonge iliyoezekwa nyasi hadi chini. Ndani mlikuwa na kiza, na sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi zilizonukia vizuri sana. Karibu na mlango alikaa mzee kwenye kigoda, amejifunga lubugo, vazi la magome ya mti, kiko mkononi. Nilifurahi kweli. Hatimaye mkubwa niliyemwona mapema! Nikapiga magoti na kusema, "Shikamoo, babu." Kimya. Nikadhani nimempunguzia heshima, nikarudia kwa Kihaya, kwa salamu ya juu zaidi niliyoijua. Kimya. Nyuma yangu wanafunzi waliokuwa wakitembelea wakaangua kicheko, na mtunzaji wa makumbusho naye akacheka hadi akajishika mbavu. "Huyo haitikii, binti. Ni sanamu!"

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuja akapiga magoti kando yangu palepale kwenye nyasi. "Koku," akaniambia kwa sauti ya chini, "mzee huyu ana macho?" Nikamwambia sijui. "Na kisiwa, ulikiona?" Nikaanza kulia. "Maawe!" akasema Shangazi, akanikumbatia. "Mtoto haoni. Tunampiga, kumbe haoni!"

Jumatatu alinipeleka kwa daktari wa macho, na baada ya siku kadhaa nikavaa miwani iliyonifunika nusu ya uso. Niliuona mwembe wa ng'ambo ya barabara ukiwa na majani, moja moja. Niliuona uso wa Shangazi, na kidoa cheusi shavuni ambacho sikuwahi kukijua. Alifunga duka akanirudisha Nshamba yeye mwenyewe. Tulipofika kwenye njia ya nyumbani, mtu alijitokeza kwenye shamba la kahawa, mbali bado, nami nikamjua: baba mkubwa. Nikapiga magoti kabla hajatufikia, nikamwamkia kwa neno lake. Shangazi alimweleza yote kwa ukali wake wote. Baba mkubwa alinitazama, akachutama mbele yangu, mtu mzima yule, akasema, "Inuka, mwanangu. Nisamehe." Jioni ile alikula kwetu, na baba alikula sahani mbili.

Leo mimi ni mwalimu, na shule nyingi huku hupata wageni wa kupima macho ya watoto, jambo ambalo sisi hatukulijua. Bado kila muhula namkuta mmoja anayeitwa mvivu au mwenye kiburi, nami namsogeza kwenye dawati la mbele kwanza, maswali baadaye. Nashukuru nilichekwa siku ile. Nashukuru zaidi kwa yule mmoja ambaye hakucheka.

Shangazi Yustina amezeeka, anaishi Kashozi, na macho yake yamefifia. Madaktari wamefanya walichoweza. Jumapili baada ya misa watu humjia kumsalimu, naye huona vivuli tu. Mimi hukaa karibu naye, nikamnong'oneza: huyu ni mke wa mpwa wako, huyu ni jirani yako wa zamani, anatoka Maruku. Basi Shangazi hunyoosha mkono na kumwitikia kila mmoja kwa neno linalomstahili, na hakuna anayeondoka pale akidhani amedharauliwa.