Kimea na Chachu Katika Kimkate Kimoja

Togwa ya nyumbani kwetu Mpuguso ilihitaji vitu viwili. Kwanza unga wa kimea cha ulezi, unaokorogwa ndani ya uji vuguvugu. Huo hulainisha uji na kuutia utamu. Kisha, kesho yake, chachu, yaani masalia ya togwa ya zamani, ili uchachuke. Kimea tulikuwa nacho siku zote. Chachu ilikuwa ikiisha, na mimi ndiye niliyetumwa kuiomba kwa mama jirani.

Mama huyo alikuwa mkarimu, lakini hakutoa kitu bila maswali. Mbona sikondi wala sinenepi, mbona siongei. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na bado sauti ilinikauka mbele yake.

Ndipo nikawaza kuviunganisha. Nilikanda unga wa kimea kwa masalia ya togwa, nikafinyanga vimkate, nikavianika. Mvua zetu zikavitia ukungu. Vya pili nikavitundika juu ya moto. Vikakauka vizuri, ila havikuutia uji utamu wala uchachu. Moto ulikuwa umeviua. Vya tatu nikavifanya vyembamba kama majani, nikaviweka kwenye ungo pembeni mwa dari, mbali na mafiga. Hivyo vilikauka bila kunuka vibaya.

Kabla sijavijaribu, mama yangu aliitwa aende Igogwe kumuuguza dada yake. Jumamosi ilikuwa zamu yetu kupeleka togwa kwenye shamba la ujamaa.

"Usiniaibishe," alisema akifunga khanga. "Chachu utaomba."

Sikuomba. Alhamisi mchana nilipika uji, nikaungoja upoe hadi kidole kikavumilia, nikavunjia vimkate vitatu ndani. Ijumaa asubuhi uji ulikuwa mwepesi na mtamu. Nilifurahi. Lakini hadi jioni ulikuwa mtamu tu, kama wa mtoto mchanga.

Mama jirani akapaza sauti kutoka kwenye migomba yake. "We mwana! Hujaja kuchukua chachu. Kesho utawanywesha watu uji?"

"Ninayo, mama."

"Ya nani?"

Nikaingia ndani. Nilijua bado ningeweza kwenda kumwomba. Nilisukuma chungu karibu kidogo na majivu ya moto, nikakifunika kwa gunia, nikakaa.

Jumamosi nilipofunua, vipovu vidogo vilikuwa vikipanda. Nikaonja. Utamu mbele, ukali nyuma. Nilicheka peke yangu jikoni.

Shambani balozi wa nyumba kumi alikunywa kata nzima bila kupumua. "Hii ukilima nayo, jembe linajichimbia lenyewe," alisema. Wakadai tena.

Mama jirani alionja polepole, akanikazia macho. "Umechukua kwa yule wa ng'ambo ya mto. Umeniacha mimi."

"Hapana, mama."

"Kwa nani basi?"

Watu walikuwa wakisikiliza. Nikamweleza yote: kimea, masalia, ukungu, moto, ungo. Sikumbuki kama niliwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Vimebaki vingapi?"

"Vinne."

"Viwili vyangu," akasema, akanyoosha kata niijaze. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Na vingine ukikanda, uniite nione."

Nikamjazia. Chungu kiliisha kabla ya saa sita.