Chai ya Mashine

Siku ya kwanza kazini sikupewa bisibisi, nilipewa kikombe. Nilikuwa nimetoka Buyenzi kwa miguu, nimevaa shati langu la Idi, nikijiona fundi kamili kwa kuwa nilikuwa nimetengeneza redio za nusu ya mtaa wetu. Shefu wa atelye, yaani karakana, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akaonyesha chupa ya chai iliyokuwa mezani.

"Kunywa kwanza, Issa," alisema. "Machine bado haiko tayari."

Nje, juu ya saruji iliyowaka jua, ilikaa helikopta ndogo yenye ukubwa wa mbuzi aliyelala. Hakuna aliyeigusa. Nilikunywa chai yangu nikisema moyoni kwamba hawa wasomi wa serikali ni wavivu kweli kweli.

Ofisi ile ilikuwa ya upimaji wa ardhi na maji. Jina lake sitalitaja, maana kuna watu waliofanya kazi pale ambao watoto wao ni wenzenu shuleni, vijana. Atelye yetu ilikuwa karibu na Bandari ya Bujumbura. Wazungu wa mradi fulani walikuwa wameleta helikopta ile ili ipige picha mashamba ya mpunga ya bonde la Imbo, na ipige picha bandari yenyewe, ambayo mchanga ulikuwa unaijaza. Vita vilipokaribia mjini wazungu wakapanda ndege, wakatuachia mashine na sanduku la vipuri. Kisha nchi jirani zikatuwekea vikwazo, na sanduku lilipokwisha, likawa limekwisha.

Nyinyi mnaorusha droni kwenye harusi siku hizi hamjui raha mliyonayo. Chombo chenu kinajisawazisha chenyewe, mkono wako ukiondoka kinasimama hewani kama kimefungwa kamba. Chetu kilikuwa hakisimami hata kidogo. Juu kulikuwa na mapanga mawili makubwa, chini ya mapanga kuna sahani ya chuma inayoinama huku na huku. Ikiinama mbele, helikopta inaenda mbele. Sahani hiyo huvutwa na fito nyembamba, na fito huvutwa na sevo, yaani mota ndogo zinazosikiliza redio ya rubani. Nyuma kuna mapanga madogo ya mkia, yasipokuwepo mwili wote unazunguka kama pia. Na kati ya redio na mkia kuna jairo, kijisanduku kama kiberiti ambacho kinahisi mkia ukitaka kugeuka na kuurudisha kabla kidole cha mtu hakijawahi.

Shefu alinifundisha kutafuta ugonjwa kama daktari mwenye subira. Mashine ikitetemeka, alibandika karatasi nyekundu kwenye ncha ya panga moja na ya bluu kwenye la pili, kisha tukachuchumaa mbali na kuyatazama yakizunguka. Ukiona rangi mbili, moja juu ya nyingine, panga moja linapanda kuliko mwenzake, basi unarefusha fito yake kidogo. Ikiegemea upande, unatazama fito. Ikishtukashtuka, unatazama waya wa antena, halafu batri. Fito zilipovunjika tulitengeneza nyingine kwa spoku za baiskeli, na mafundi baiskeli wa Buyenzi walinicheka hadi machozi, eti Issa anarusha baiskeli.

Na chai? Jairo zile za zamani zilikuwa na kasoro moja. Ukiiwasha ikiwa na baridi halafu ikapata joto ikiwa hewani, inaanza kudanganya. Inaambia mkia kwamba umegeuka wakati haujageuka, na mkia unatii. Kwa hiyo mashine iliwekwa juani pale pale itakaporukia, ikiwa imewashwa redio bila injini, mpaka joto la jairo lilingane na joto la hewa. Shefu alikuwa akiigusisha shavuni mwake kama mama anayepima homa. Muda wote huo watu walikunywa chai. Tuliiita chai ya mashine, na siku ya mvua, hewa ikiwa baridi, tulikunywa kidogo, siku ya jua nyingi.

Alikuwa na neno lake moja. "Shida ikija, uliza machine. Maliza kuuliza machine yote, ndiyo uulize mutu." Katika mji ule, miaka ile, hakuna mkubwa mwingine niliyemsikia akisema hivyo. Kila mahali kitu kikiharibika swali la kwanza lilikuwa nani, na la pili lilikuwa anatoka mtaa gani.

Rubani wetu alikuwa Désiré, kijana wa Kamenge, mtaa ambao wanajeshi waliuhesabu kuwa wa waasi. Nyumba yao ilikuwa imechomwa na mama yake alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma, hakuna ndugu aliyebaki mjini. Alilala kwenye chumba cha nyuma cha atelye. Alikuwa na vidole vyepesi mno. Alipoirusha juu ya gati, wapagazi walitua magunia yao na kupiga miluzi. Mimi Mwislamu wa Buyenzi, yeye wa Kamenge, Shefu wa mtaa ambao sisi wawili tusingeupita baada ya jua kuzama, na wote watatu tulikunywa kutoka chupa moja. Niliipenda kazi ile. Nasema wazi, niliipenda kuliko nilivyopenda kitu chochote nilicholipwa kukifanya.

Baadaye Shefu akapandishwa cheo, akawa Mkurugenzi. Sisi tuliendelea kumwita Shefu. Alipata ofisi yenye kiyoyozi na gari lenye kiyoyozi, na simlaumu kwa hayo, alistahili. Aliijua kazi kuliko sisi wote.

Ikafika siku ya wageni. Walikuwa watu wa nje waliotaka kuufufua mradi, pamoja na wakubwa wa wizara. Siku zote mashine ilisafiri nyuma ya pikapu yetu, juani na vumbini, nami nimekaa pembeni nikiishikilia. Siku ile Shefu alisema wageni hawawezi kuonyeshwa kitu chenye vumbi. Akaipakia nyuma ya gari lake mwenyewe, madirisha yamefungwa, na kwa kuwa wageni walikuwa wakitoka jasho, kiyoyozi kilifunguliwa mpaka mwisho. Walizunguka nayo mji mzima kabla ya kufika bandarini, wamechelewa.

Tuliishusha kwenye saruji. Désiré akavaa shingoni mkanda wa komandi, ile redio ya kuendeshea, akatafuta chupa kwa macho.

"Shefu, na chai?"

"Leo hakuna chai. Wageni banangoja."

Niligusa jairo kwa nyuma ya kiganja. Ilikuwa ya baridi kama chupa ya Fanta. "Shefu," nikamnong'oneza, "iko baridi."

"Nimesikia, Issa." Akageuka kuwatafsiria wageni jambo fulani la kuchekesha, nao wakacheka.

Iliruka vizuri, ndiyo ubaya wake. Désiré aliisimamisha mbele yetu, wageni wakapiga makofi, akaipeleka juu ya maji kupiga picha mchanga. Na kule juu ya maji jua likaanza kuichemsha. Fikirini: kwa mbali helikopta ni doa tu, na ziwa linang'aa, huwezi kutambua pua na mkia. Jairo ikaanza uongo wake, polepole, pua ikageuka kidogo kidogo na Désiré hakuweza kuiona. Alipoivuta irudi kwetu, ikaenda pembeni. Alipoisahihisha, ikaenda mbali zaidi. Nilimwona jasho likimtiririka, midomo inasema "rudi, rudi." Ikapita juu ya uzio wa kituo cha wanajeshi kilichokuwa jirani, ikaanguka ndani ya uwanja wao pamoja na kamera yake.

Kamera inayodondoka ndani ya kituo cha jeshi wakati wa vita. Walikuja mbio na bunduki. Désiré alikuwa bado amesimama na komandi shingoni, hakuna haja ya kuuliza nani alikuwa akiendesha. Afisa wao hakumuuliza yeye kitu. Alimwacha na askari wake, akamwendea Mkurugenzi kule walikokuwa wageni.

"Hiyo machine ilikuwa nzima?"

Shefu aliwatazama wageni. Akatazama gari lake. Kisha akasema, "Ilikuwa nzima."

Nikaingilia. "Afande, hiyo machine imetoka mu baridi, jairo yake..."

"We ni nani?"

"Ni fundi wake."

"Basi nyamaza, fundi. Mukubwa wako amejibu."

Kama mashine ilikuwa nzima, basi mtu ndiye aliyeipeleka kule. Na mtu mwenyewe alitoka Kamenge. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walimpandisha kwenye lori lao, na alipokuwa akipanda hakututazama sisi, alitazama vidole vyake.

Kesho yake nilichukua jairo kuukuu iliyobaki kabatini, nikaomba kuiweka ndani ya friji ya kantini ya bandari, katikati ya soda. Ilipopoa nikaifunga kwenye sevo na redio za zamani, nikaiweka juani, nikamwita Shefu. Tulisimama wawili tu. Hakuna aliyegusa komandi. Kimkono cha sevo kilikaa kimya, halafu, joto lilipoingia, kikaanza kutambaa upande mmoja, taratibu, mpaka mwisho wake.

Shefu hakuhitaji kuonyeshwa, yeye ndiye aliyenifundisha. Alikitazama mpaka kikasimama.

"Issa, unafikiri sijuwi?" alisema. "Nilijua tangu ilipovuka maji."

"Basi twende tumuambie afande. Sasa hivi."

"Tumuambie nini? Atauliza nani alibeba machine mu kiyoyozi. Atauliza nani alikataza chai. Wale wageni iko bado ku hoteli. Mradi ikifa, watu wote wa ofisi hii watakula nini? Na we pia."

"Na Désiré?"

"Désiré ni kijana. Watamuuliza maswali, watamuachilia."

"Shefu, ni we ulisema tuulize machine kwanza."

"Nimeiuliza," akasema. Akazima redio kwa mkono wake mwenyewe, akarudi ofisini.

Nilikwenda kituoni peke yangu. Yule afisa alinisikiliza nimesimama mlangoni, na naamini alinielewa. Akaniambia nimlete Mkurugenzi aseme maneno hayo hayo, ndipo atayapokea. Nilirudi, nikamwomba Shefu kwa jina la Mungu wake na wangu. Wiki iliyofuata nikahamishwa. Nilipelekwa upande wa Gatumba kusoma kijiti cha kina cha maji mtoni, kazi ambayo hata mbuzi angeiweza kama angejua kuhesabu. Désiré alihukumiwa, akapelekwa gerezani. Nilikwenda mara nyingi, wakaniuliza undugu wetu, nikasema kazi, wakanirudisha. Chakula alichopika mke wangu walikipokea. Maneno hawakuyapokea.

Mradi ulifufuka, kusema kweli. Ikaja helikopta nyingine, mpya, na Shefu akasafiri nayo mpaka mikutanoni Ulaya. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena ya lami. Siku nilipostaafu alituma salamu kwamba mimi nilikuwa fundi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Watu waliniambia nifurahi. Nilikaa kwenye kiti cha heshima, nikanywa soda yao, na zamu yangu ya kushukuru ilipofika nikatoka nje kwa hasira. Wakadhani nimekwenda kuficha machozi ya kuaga.

Vijana, mmeniomba niwaandikie kazi hii ilivyokuwa, na pengine mlitaka ushauri. Ufundi nimewapa: tazama mapanga, tazama fito, tazama waya, ngojea joto. Hayo yanafundishika. Lililobaki sijui linafundishwaje, maana aliyenifundisha alilijua vizuri kunishinda, na halikumsaidia kitu.

Désiré alitoka baada ya vita kwisha, alipoachiwa pamoja na wengine wengi. Alikuja kwangu Buyenzi mchana, mwembamba, nywele zimeanza mvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumsikia akimlaani Shefu, na nilikuwa nimejiandaa kumsaidia kulaani. Hakuketi hata vizuri.

"Mukubwa Issa," alisema, "we ulikuwa fundi. Nambie kitu kimoja tu. Ile siku, nilikosea wapi?"

Kumbe miaka yote hiyo hakujua. Hakuna aliyemwambia. Hata mahakamani hakuna aliyetaja jairo.

"Hukukosea," nikasema, na nikamweleza yote: gari, baridi, friji ya kantini, kimkono kikitambaa peke yake. Alisikiliza kama rubani, akaniuliza kiligeukia upande gani, na kwa kasi gani. Nilipomwonyesha kwa kidole, akafumba macho akaifuata safari ile kichwani, na niliona mahali alipofika pale mashine ilipompotea.

"Shefu anajua?"

"Tangu siku ile ile."

Mke wangu alileta chakula, akatutazama, akakiweka chini na kutoka.

"Mi nilifikiri ni kidole," Désiré alisema. "Mule ndani, kila siku nilikuwa narudisha ile safari mu kichwa, natafuta kidole kilikosea wapi. Sikupata. Chai nayo niliifikiria, lakini nikasema kama ni chai, Shefu angewaambia. Nikasema basi nimesahau. Nikaanza kuomba Mungu anisamehe. Na Shefu pia niko namuombea kila asubuhi, juu ya ile aibu nilimuletea mbele ya wageni."

Nilimuuliza kama sasa ataacha kumwombea.

Alitazama vidole vyake.

"Nitajaribu kuacha," akasema.