Fundi Bundala na Pikipiki Isiyosikika

Bundala alikuwa na kanuni moja katika gereji yake pale Ruhembe, na aliishika kwa miaka kumi na tisa: alichokiona kwenye chombo cha mteja hakukisema kwa mtu mwingine yeyote. Fundi wa baiskeli na pikipiki huona mengi kuliko watu wanavyodhani. Tope lililokauka chini ya madigadi humwonyesha njia aliyopita mwenye chombo. Springi zilizolegea za kiti humwonyesha kwamba kuna abiria anayebebwa kila siku. Mwanamke mmoja aliwahi kuja asubuhi, pikipiki ya mumewe ikiwa imeachwa pale kwa matengenezo, akataka kujua zile nyasi zilizonasa kwenye cheni zimetoka upande gani. Bundala hakuinua kichwa.

"Mama, mimi natengeneza pikipiki. Ndoa sijasomea."

Watu walicheka, na maneno hayo yakazunguka mpaka Kidodi. Lakini kanuni yenyewe haikuwa mzaha. Bundala ni Msukuma. Alifika wilaya ya Kilosa akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake, na aliona kwa macho yake watu wakikatana mapanga kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani. Alipoacha mifugo na kufungua gereji aliweka benchi refu mbele ya mlango. Wakulima wa miwa na mpunga walikaa pale, na wafugaji wa Kimasai walikaa pale pale, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba siri yake haitatoka. Kwa hilo nampa sifa zake zote.

Vyombo vya magurudumu mawili alivipenda kwa namna ambayo wanaume wengine hupenda mpira. Angeweza kuzungumzia spoku kwa nusu saa, na ukimsikiliza ungejikuta unazitazama spoku za baiskeli yako kana kwamba ndiyo kwanza umeziona. Baiskeli aliiweka juu ya vyombo vyote. Alisema hajaona kitu kingine ambacho mtu anaweza kukiinua kwa mkono mmoja, na chenyewe kikabeba magunia mawili ya mpunga. Pikipiki aliitibu kwa sikio. Alikuwa akila ugali nyumbani kwake, pikipiki ikapita barabarani, naye akamwambia mkewe Marciana ni ya nani na inaumwa nini. Hakukosea mara nyingi.

Vijana wawili walioshinda sana kwenye benchi lile walikuwa Mhoja na Meshaki. Mhoja alikuwa mdogo wake Marciana, mkulima, mwenye baiskeli aliyoipamba kwa vioo vinne na maua ya plastiki. Meshaki alikuwa mtoto wa mzee Kasaine, mfugaji wa Kimasai mwenye boma lake ng'ambo ya mashamba ya miwa, na pikipiki yake aliifunga shanga kwenye usukani.

"Baiskeli umeivisha kama bibi harusi," Meshaki alimwambia Mhoja siku moja. "Mahari umetoa?"

"Na wewe pikipiki yako inavaa hereni. Ukifika mjini wanaisalimia shikamoo dada."

Bundala alicheka mpaka akaangusha spana. Ndivyo walivyoishi.

Halafu ikaja pikipiki ya umeme. Aliyeileta ni mzee Lupakisyo, katibu wa chama kimoja cha wakulima wa miwa na mzee wa kanisa, mtu aliyeheshimika. Aliinunua Dar es Salaam, na katika vijiji vile ilikuwa peke yake. Bundala alikuwa ameshasoma habari za vyombo hivyo kwenye simu kwa miezi mingi. Aliomba aijaribu, akaenda nayo mpaka darajani na kurudi, akashuka akiwa anacheka. Haina plagi, haina kabureta, haina oili ya injini, haina eksozi. Aliwaambia waliokuwa kwenye benchi kwamba siku moja zote zitakuwa hivi, na yeye atakufa njaa akiwa na furaha. Akaongeza kwamba amepita katikati ya kuku na hakuna aliyegeuza shingo. Alilisema hilo kama sifa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, msimu wa kukata miwa ulipoanza, ng'ombe wa mzee Kasaine waliingia kwenye mahindi ya Mhoja. Usuluhishi ulifanyika, fidia ikalipwa, lakini Mhoja alikuwa bado na hasira. Akiwa kwenye mashine ya kusaga, mbele ya watu, alisema kwamba safari nyingine hatahangaika na ng'ombe, atamvunja mtu mguu. Yalikuwa maneno ya kijinga. Ulimi wa kijana ukikosa adabu kila aliyesikia huyabeba maneno hayo, na waliokuwepo waliyabeba.

Wiki moja baadaye, Jumanne asubuhi kukiwa na ukungu, mzee Kasaine alikutwa kwenye mtaro kando ya njia ya miwa. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika, na mbavu pia. Alipopata nafuu ya kusema, pale hospitali, alisema kweli kama alivyoijua. Alikuwa anatembea. Alipigwa kwa nyuma. Hakumwona mtu, na hakusikia pikipiki.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu kila kitu. Kwenye njia ile bodaboda husikika tangu ikiwa mbali, na mtembea kwa miguu husogea pembeni bila hata kugeuka. Kama hakukuwa na mlio, basi hakukuwa na pikipiki, na kama hakukuwa na pikipiki, basi ni rungu. Trela za miwa zilikuwa zimeshapita na kufuta alama zote. Wafugaji wakakumbuka maneno ya kwenye mashine ya kusaga. Pande zote mbili hakuna aliyekumbuka kwamba katika kijiji kile kuna chombo kimoja kisichosikika.

Jumanne hiyo hiyo mchana Lupakisyo alileta pikipiki yake gereji. Shokapu za mbele zilikuwa zimepinda na taa imevunjika. Alisema amegonga kisiki. Benchi lilikuwa tupu, maana watu walikuwa wamekwenda kumwona majeruhi. Bundala akafungua gurudumu la mbele. Kwenye ekseli palikuwa na nyuzi nyekundu zilizojisokota, na ndani yake shanga mbili za bluu.

Alizigusa kwa kidole. Kisha akasema, "Mzee, hiki kisiki kilivaa shuka."

Lupakisyo akakaa chini. Hakubisha. Alieleza kwamba ukungu ulikuwa mzito na Kasaine alikuwa katikati ya njia. Hakupiga honi kwa sababu alidhani mtu yule atasogea kama watu wote wanavyosogea. Alipoinuka kutoka chini alimwona mzee anajongea, akajua yuko hai. Akawaza wafugaji watakavyomfanya, akaondoka.

"Nenda ukaseme," Bundala alimwambia.

"Nitasema. Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu wote. Nipe siku hizi nizungumze na familia yangu kwanza." Akamtazama. "Na kanuni yako naijua, fundi."

"Hata mimi naijua."

Bundala akaliegemeza lile gurudumu ukutani, nyuma ya mlango, na nyuzi zake zikiwa zimo.

Hapo ndipo alipokosea, na sitamtetea kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Kanuni yake aliiweka ili watu wasigombane. Sasa ilikuwa inawagombanisha, naye akaishika vile vile, kwa sababu ilikuwa yake na watu walimheshimu kwa ajili yake. Siri ya mume anayetoka nje ni aibu ya nyumba moja. Mtu aliyevunjwa mguu, na mwingine anayetajwa kwa kosa asilolifanya, si siri ya fundi. Mtoto wa darasa la tano angeliona hilo. Bundala alijiambia kwamba ametafuta njia ya haki, kwamba ukweli utatoka kwenye kinywa cha mwenyewe, na kwamba Jumapili si mbali.

Jumatano polisi walimchukua Mhoja. Alhamisi wakamwachia, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi. Kuachiwa kwake kukawa kubaya kuliko kukamatwa, maana vijana wa Kimasai walisema amehonga. Meshaki hakuja tena kwenye benchi. Alipita barabarani mara mbili akiwa na wenzake, bila kusimama. Marciana aliona mumewe hali chakula akamuuliza anaumwa wapi. Bundala akamjibu kwamba ni uchovu tu.

Ijumaa jioni Mhoja mwenyewe alikuja, akiikokota baiskeli yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Akasimama. Kwenye benchi hakuna aliyekuwa amekaa. "Na wewe unaamini nilimpiga yule mzee?"

"Siamini."

"Wewe peke yako. Kwa nini?"

Bundala alifuta spana iliyokuwa safi. "Usitembee peke yako mpaka Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Nimekwambia usitembee, Mhoja."

Mhoja akacheka kidogo, akasema mahindi yake hayaendi kanisani, yanavunwa kesho. Akapanda baiskeli na vioo vyake vinne, akaenda. Gurudumu la Lupakisyo lilikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka aliposimama.

Jumamosi saa nne asubuhi Meshaki na vijana wawili wa rika lake walimkuta Mhoja kwenye njia ya mfereji, akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Mhoja aliwaambia kwamba hakumgusa mzee Kasaine. Meshaki akamjibu kwamba hawataki roho yake, wanataka mguu mmoja tu, wa kulia, kama ule wa baba. Wakauvunja kwa rungu, juu na chini ya goti, wakamwacha. Alikaa pale kwa saa tatu, jeraha likiwa wazi kwenye maji ya mfereji, mpaka akina mama waliokuwa wanatoka shambani walipomwona.

Saa kumi jioni vijana wa wakulima, zaidi ya arobaini, walikuwa wamekusanyika mbele ya ghala la chama wakiwa na mapanga na madumu ya petroli. Walikuwa wanakwenda kuchoma boma la Kasaine. Ndani ya boma lile siku hiyo walikuwamo wanawake na watoto tu. Lupakisyo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ghala akiwasihi watulie. Aliwatajia Mungu na aliwatajia sheria. Jina lake hakulitaja.

Bundala akafika akiwa amebeba gurudumu begani. Watu walimpisha, wakidhani amekuja kuongoza, maana aliyeumizwa ni shemeji yake. Akaliweka chini mbele ya ngazi.

"Aliyemvunja mguu Kasaine hana rungu," alisema. "Ni pikipiki ya umeme, ya mzee huyu hapa. Hizi nyuzi ni za shuka lake, na shanga ni zake. Nimejua tangu Jumanne."

Lupakisyo akakaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa mikono. Wote waliokuwepo walielewa kwamba hiyo ndiyo kauli yake. Marciana alikuwa amesimama nyuma na akina mama wengine, kanga yake ikiwa na damu ya mdogo wake. Akasogea mbele taratibu.

"Tangu Jumanne?"

"Tangu Jumanne."

"Na jana alikuja kwako."

"Alikuja."

"Akakuuliza."

Bundala akalitazama gurudumu. Marciana hakupaza sauti wala hakulia. Alimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni, kisha akageuka akaenda kutafuta usafiri wa kumfuata mdogo wake hospitali. Vijana wakabaki na mapanga yao, hawajui waende kwa nani. Baada ya muda mmoja alichukua dumu lake akaondoka, na wengine wakamfuata. Boma la Kasaine halikuchomwa. Ukweli ulisimamisha watu arobaini ndani ya dakika kumi, na ungeweza kufanya kazi hiyo hiyo siku yoyote kati ya zile nne.

Mzee Kasaine aliletewa habari akiwa bado kitandani. Aliomba Meshaki aitwe, akamwambia aende mwenyewe polisi kabla hawajamfuata. Meshaki akaenda Jumapili asubuhi, saa ile ile ambayo Lupakisyo alikuwa ameahidi kusema.

Lupakisyo alikiri mahakamani, akalipa faini, akanyang'anywa leseni, akaacha ukatibu na uzee wa kanisa. Meshaki alifungwa miaka mitatu na wenzake miaka miwili. Wafugaji sasa wanapeleka pikipiki zao Mikumi, na wakulima wengi wanakwenda Kidodi. Bundala hufungua gereji kila asubuhi na kufagia, na siku nyingi hapati hata tairi la kuziba. Marciana alihamia kwa mdogo wake ili amuuguze, na hajarudi. Mguu wa Mhoja ulioza, ukakatwa juu ya goti siku ya tisa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.