Mawe Mfukoni

Mimi hakuna cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, na leo nusu ya mizigo ya Waswahili wa Stockholm inapimwa kwenye mizani yangu hapa Sundbyberg. Lakini jana mteja alifungua sanduku, harufu ya liwa, ile aliyokuwa akijipaka Mama, ikanipiga, nikaiacha mizani.

Mama alikuwa yaya kwa tajiri mmoja Mjaini, Mhindi wa dini ya Kijaini. Tajiri alipokwenda kuhiji India, kwenye mji wa kale wa Wajaini na Wabudha, alituchukua. Kufika mahekaluni juu ya mlima, watu walibebwa kwa viti, nauli kwa kilo. Mama, goti limemvimba, alikuwa na pesa za kiti kimoja, anipakate.

"Mwepesi kama kifaranga!" mtoto wa tajiri akanicheka.

Nikajaza mawe mifukoni. Tulipopanda mizani pamoja, pesa hazikutosha.

"Kaa wewe, baba," Mama akasema. "Mimi nitatembea."

Nilibebwa pamoja na mawe yangu, namwona chini akipanda ngazi, mkono gotini. Sikumwambia mpaka tukamzika. Pesa zilizopungua zilikuwa rupia mbili tu.